Sweta Ndani ya Kiondo

Wacha niseme mapema ndiyo nipumzike: yule mwanamke aliyekwama kwenye matope ya India mpaka akavutwa kwa kamba mbele ya watalii, kwenye ile video iliyozunguka Kiganjo nzima watu wakiulizana ni nani huyu, ni mimi. Ni mimi Mama Shiku, muuza miche ya parachichi na maua pale kando ya barabara, na hizo soksi za rangi mbili mlizoziona pia ni zangu. Sasa mkimaliza kucheka mnisikilize, kwa sababu video haionyeshi mambo yalianzia wapi, na yalianzia kwa kiondo.

Mnajua Shiku wangu alienda Kolkata kusomea mambo ya dawa, na badala ya kutuletea cheti peke yake akatuambia kuna kijana anaitwa Anir, wanataka kuoana. Ukoo ulikaa nyumbani Giakanja ukaongea mchana mzima. Mwishowe wakasema hawamkatai mtu kwa sababu ya kwao ni mbali, lakini lazima tuende tuone kama hao watu wanamtaka msichana wetu kweli ama wanamvumilia tu. Mume wangu akasema ng'ombe hawawezi kubaki peke yao (ng'ombe wamemwokoa huyo mtu na mambo mengi), kwa hivyo nikaenda mimi pamoja na wifi yangu Wambui, dada ya mume wangu, ambaye ukoo ulimtuma awe macho yao. Wambui mnamjua. Kama wale watu wangetupokea vizuri Wambui angesema, na kama hawangetupokea angesema mara mbili, na ndoa ingeishia hapo.

Nikajaza kiondo, kile changu kizuri cha katani chenye mistari ya zambarau: majani chai ya dada yangu wa Kangema, kahawa ya shamba letu, njugu, na asali niliyoifunga kwa plastiki mara nyingi mpaka ikafanana na mtoto mchanga. Kwetu hapa hata sihitaji kuwaeleza. Ukitembelea watu na kiondo kimejaa, kiondo hakirudi bila kitu. Hata viazi vichache, hata sukari kidogo, lazima wakutilie. Kikirudi kitupu wamekuambia yale ambayo mdomo umeona haya kusema.

Basi tukafika Kolkata mwezi wa kwanza, mimi nikiwa na sweta yangu ya kahawia, kwa sababu mtu wa Nyeri hasafiri bila sweta hata kama anaenda jehanamu. Kumbe huko wenyewe walikuwa wanaita hiyo baridi, wamevaa kofia za kufunika masikio na mitandio shingoni, na mimi natiririka jasho nikitafuta pa kuketi. Mama yake Anir ni mwanamke mfupi, mpole, wa kuongea polepole. Alipokea kiondo kwa mikono miwili, akakitazama vile kilivyofumwa, akakipeleka jikoni. Nikamwona Wambui akitingisha kichwa kwa kuridhika, nami moyo ukatulia.

Asubuhi iliyofuata Mama Anir akaniletea kiondo chumbani. Shiku hakuwa hapo wa kututafsiria, kwa hivyo yule mama akasema maneno yake, akatabasamu, akanipa, akaenda. Nikachungulia. Ndani hakukuwa na kitu, ila vijani vya nyasi, ile nyasi sugu ninayong'oa kwa miche yangu kila siku ya Mungu, na punje za mpunga na maganda yake. Nikajiambia, kitupu ningevumilia, lakini hawa wamekirudisha na takataka za kufagia. Nikaenda dirishani nikakikung'uta mpaka kikabaki safi, nikaketi kitandani nikalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda huyo kijana Anir, na Shiku nilikuwa nimemwona vile anavyomtazama.

Halafu nikasikia Wambui akikohoa kwenye veranda, anakuja. Hapo ndipo niliamua lile jambo dogo. Nikavua sweta, nikaikunja vizuri, nikaisukuma ndani ya kiondo, nikafunika juu na leso.

Wambui akaingia, macho moja kwa moja kwa kiondo. "Naona kimejaa," akasema.

"Kimejaa," nikasema mimi.

Akauliza wametutilia nini, nikamwambia hizo ni zawadi za kufunguliwa mbele ya wazee, angoje mpaka nyumbani. Akakubali, lakini alikubali vile paka anavyokubali kutoka jikoni.

Kuanzia hapo kiondo kikawa kama mgonjwa wangu, sikuweza kukiacha hata dakika. Walitupeleka kuona lile jumba kubwa jeupe la marumaru ambalo Waingereza walilijenga kwa heshima ya malkia wao, na malkia mwenyewe yuko hapo nje, ameketi kwa shaba nyeusi, amenuna kama mtu aliyeambiwa asubiri. Wambui akasema yale majengo ya mawe ya wakoloni pale Nyeri mjini yangekuwa choo cha askari wa hapa. Tukaonyeshwa pia majumba ya zamani yenye nguzo nene, mengine miti imeota kwenye kuta, na mimi kila mahali nikiwa na kiondo begani, jasho likinitoka. Anir, kijana mwenye adabu, akaja kunisaidia kubeba. Nikakivuta. Akafikiri sijaelewa, akashika tena, nikakivuta tena, na watu wakaanza kugeuka kututazama, mtu na mkwe wake mtarajiwa wanang'ang'ania kikapu mbele ya malkia. Shiku akaniuliza kwa Kikuyu kama niko sawa. Nikasema niko sawa. (Pale bustanini nilivunja katawi ka bougainvillea nikatia kwenye kiondo, lakini hiyo msinihukumu, hakuna mwanamke wa Nyeri anayepita maua ya mtu bila kuvunja.)

Ni hako katawi kalikonipa wazo. Nikajiambia, sweta haiwezi kufunguliwa mbele ya wazee, lakini nikipata kitu cha huku, kitu ambacho Giakanja hakuna, naweza kusema ndicho walichonitilia. Mimi ni mtu wa miche. Si ningepata mche tu?

Siku iliyofuata tukaenda Sundarban, kwenye ile hifadhi ya mikoko, mahali ambapo mito haijui inaenda wapi na msitu wote umesimama ndani ya maji ya chumvi. Tulienda kwa gari halafu kwa mashua ya injini, sisi na watalii wengine na mwongoza wageni. Mizizi ya ile miti inatoka chini ya matope ikielekea juu, kama mtu amepanda penseli shamba nzima. Wakatuambia kuna chui milia, na mamba, na kwamba hakuna kushuka mahali popote ila kwenye gati. Mimi nikawaambia kupitia kwa Shiku kwamba sisi ndovu wanakula mahindi yetu na chui anakula mbwa wetu, kwa hivyo watafute wengine wa kutisha. Mama Anir alicheka mpaka akashika tumbo, na kucheka kwake kukaniuma, kwa sababu nilikuwa nataka kumchukia na ilikuwa inakataa.

Tukafika kwenye mnara wa kutazamia wanyama. Wote wakapanda kuona paa wa msituni, mimi nikasema miguu inauma, nikabaki gatini. Maji yalikuwa yameteremka, na chini ya ngazi, juu ya matope, zilikuwa zimelala mbegu za mikoko, ndefu, za kijani, zingine zimeshatoa mizizi midogo. Wenzangu wa miche mtanielewa. Mche umelala hapo, hauna mwenyewe, umeota tayari. Nikashuka ngazi, nikaokota mmoja, nikatia kwenye kiondo. Ule mwingine mzuri zaidi ulikuwa mbele kidogo. Nikayatazama yale matope nikaona yameshikana juu, yanang'aa kama shamba la viazi baada ya mvua, nikakanyaga.

Yale matope hayana chini. Mguu uliingia mpaka goti, nikaweka wa pili ili niutoe wa kwanza, na wa pili ukaingia zaidi. Nikajaribu kugeuka, nikaketi. Sketi ikaelea pembeni kidogo halafu nayo ikaanza kuzama. Kiondo nilikiinua juu ya kichwa (mmeiona hiyo kwenye video, watu wengi wamesema nafanana na mtu anayetoa sadaka). Askari wa msitu akapiga filimbi, watalii wote wakateremka mnarani mbio wakidhani chui ametokea, wakakuta ni mimi. Mtu akaanza kupiga kelele akionyesha ng'ambo ya mfereji, kulikuwa na kitu kama gogo, na sikutaka mtu yeyote anitafsirie. Wakatupa ubao na kamba, Anir akalala kifudifudi juu ya ubao akanishika kwapani, na watu wa mashua wakavuta. Nilitoka na sauti ambayo sitaieleza hapa. Viatu vilibaki, na nafikiri viko huko mpaka leo.

Wambui hakusaidia. Wambui alikuwa anapiga video.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini askari alikuwa ameona vile nilivyookota. Akasema kwa upole kwamba hakuna kitu kinachotoka kwenye hifadhi, hata jani, na lazima kiondo kifunguliwe. Nikakikumbatia. Shiku akaniambia, "Mami, tafadhali," na uso wake ulikuwa umebadilika, ulikuwa wa mtu anayeona mama yake akimharibia maisha mbele ya watu. Basi nikakitoa. Askari akakimwaga pale juu ya mbao za gati, mbele ya mashua nzima: mche wa mkoko, tawi la bustani ya malkia likiwa limenyauka, na sweta yangu ya kahawia.

Wambui akaweka simu chini. "Mama Shiku," akasema, "hiyo si ni sweta yako?"

Miguu yangu ilikuwa na matope mpaka nyongani, sikuwa na uongo wowote uliobaki. Nikaanza kulia, nikamwambia Shiku awaambie hawa watu, kwamba kiondo kilirudi bila kitu, na mimi sikutaka Wambui aone, kwa sababu niliona afadhali nidanganye ukoo wote kuliko mtoto wangu aambiwe hatakiwi. Shiku akatafsiri. Anir akamtazama mama yake. Yule mama akashangaa, akauliza kitu, na Shiku akanigeukia taratibu.

"Mami, anauliza, kwani hukuona nyasi na mpunga?"

Nikasema niliona takataka.

"Si takataka. Ndivyo wanavyobariki hapa. Wakimkubali bibi harusi wanamwekea nyasi na mpunga. Hata wao kwao chombo hakirudi kitupu. Aliamka alfajiri akaenda kutafuta hiyo nyasi mwenyewe, ya kunibariki mimi. Anauliza uliiweka wapi."

Wenzangu, kuna aibu ya matope na kuna aibu nyingine. Mimi, mtu ninayekula kwa sababu ya mbegu na majani, niliwekewa mbegu na majani mkononi nikayamwaga dirishani. Nikaonyesha kwa mkono tu, vile nilivyokung'uta. Shiku hakuwa na haja ya kutafsiri.

Nikamtazama Mama Anir nikajua ameumia, alikuwa na haki ya kuumia. Halafu akainama, akaokota kiondo, akakipangusa matope kwa pindo la sari yake, akaokota na sweta akaitia ndani, akasema maneno machache. Shiku akasema: "Anasema hakupi tena hapa. Atakileta mwenyewe mpaka kwetu."

Njiani kurudi niliketi nyuma ya mashua peke yangu, bila viatu, nikingoja Wambui aje animalize. Akaja, akaketi, akatazama maji. Akaniambia kwamba hao watu hawakukataa, aliyekataa ni mimi, na kwamba ndugu yake alioa mtu wa ajabu. Nikamuuliza atawaambia nini wazee.

"Nitawaambia kiondo bado kiko njiani," akasema. (Kuhusu video hatukuongea. Hapo nilifanya makosa.)

Mwezi wa saba wakaja Giakanja. Mnajua mwezi wa saba ulivyo huku kwetu, ule ukungu usiotoka mpaka saa sita na mlima hauonekani wiki nzima. Wazee walikuwa wameketi, chai imepoa vikombeni, na Mama Anir akashuka garini na ile kofia yake ya masikio, midomo imekuwa ya buluu, kiondo changu mkononi. Akavuka uwanja akanipa mbele ya watu wote. Nikasikia Wambui nyuma yangu akisogeza kiti ili aone vizuri.

Nikachungulia. Sweta yangu ya kahawia, imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia sabuni ya kwao. Safari hii sikuishia juu. Nikainua sweta, nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, na vidole vikagusa nyasi, zimekauka sasa, na punje za mpunga. Nikawaonyesha wazee kwa kiganja, na Shiku akaeleza, na Wambui akasema kwa sauti kubwa kwamba kiondo kimefika. Nikaikunjua ile sweta nikamvalisha Mama Anir, nikamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kwa sababu alikuwa anatetemeka kweli.

Hajairudisha, na sitaiulizia. Lakini nimeapa: kwangu hakuna kinachokung'utwa dirishani tena. Hata kitambaa cha meza, kabla sijakikung'uta makombo, nauliza kwanza kama kuna mtu ameniwekea kitu.