Rangi Chini ya Waya

Wiki jana, hapa Nyakasanza, mtaani kwetu Bunia, nilipita karibu na lori moja kuukuu. Dereva alizungusha ufunguo, likasema "tk" moja tu, likanyamaza. Nikasimama njiani na kapu langu, nikasahau nilikokuwa naenda. Wewe labda ungeendelea na safari yako. Mimi mlio ule unanirudisha kwenye uwanja wa nyumbani kwetu, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Wakati huo vita vilikuwa vimenyamaza, lakini hakuna aliyethubutu kusema vimekwisha. Malori ya kwenda Bule yaliondoka kwa msafara, askari mbele na nyuma, na msafara haukumsubiri mtu. Baba alipofariki, mama mwenyewe alishika usukani wa lori letu. Alfajiri nilimsikia akikohoa, kisha lori likikohoa baada yake, na uwanja ukanuka mazutu, yaani dizeli, na maharagwe yaliyoungua kidogo, kwa sababu mpishi nilikuwa mimi. Lori nalo nililiosha mimi, hadi ndani ya nati. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Hata leo barua fupi naiandika mara tano.

Jumamosi moja jirani alinipa rangi ya buluu iliyobaki alipopaka geti lake. Nikapaka chasisi yote. Mahali waya wa batri ulipofungwa kwenye chasisi, nikafungua bolti, nikapaka mara mbili, nikasubiri ikauke, nikafunga tena. Nilijiona fundi.

Jumatatu, kabla ya safari, lori likasema "tk".

Fundi wa mtaa akaazima batri ya jirani. "Tk." Akatangaza kwamba demarere, ile mota ndogo inayoamsha injini, imekufa, na nyingine ya aina hiyo haipatikani Bunia. Mchana huohuo akaja mfanyabiashara mmoja, habari zimeshamfikia, akawa anapiga matairi teke kama anayechagua mbuzi.

"Mama, uniuzishie hii kamiyo. Kamiyo ni kitu ya wanaume."

"Kamiyo inakula mazutu," mama akajibu. "Haiulizake nani anaikamata."

"Basi uiamushe, tuone."

Msafara mwingine ulikuwa kesho yake, na lori lile ndilo lililotulisha. Nikamwona akiutazama ufunguo kiganjani, nikajua anakaribia kukubali.

Nilikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, chombo nilichojifunzia kwenye redio mbovu. Niliishika kwenye vichwa viwili vya batri, nikamwomba mama azungushe ufunguo. Balbu ikabaki inawaka. Kumbe batri nzima. Nikahamisha waya mmoja kwenye chasisi, ikawaka, mama akazungusha tena. Balbu ikazimika. Umeme ulikuwa unatoka, lakini njia yake ya kurudi ilikuwa imebanwa. Nikafungua bolti. Chini ya waya rangi yangu iling'aa, nzuri, bila doa.

Naungama: nilitaka kunyamaza, nikwangue, nisifiwe. Lakini mama alikuwa bado ameshika ufunguo, akinisubiri.

"Ni miye," nikasema. "Niliweka rangi chini ya waya."

Mfanyabiashara akacheka hadi akashika tumbo. "Mama! Mutoto yako mwenyewe ndiye aliua kamiyo!"

"Mwenye kupaka ni mutoto yangu, mwenye kuona ni mutoto yangu," mama akasema. "Weye, papa, tangu ufike hapa umefanya nini? Kupiga matairi?"

Hata fundi alicheka.

Nikakwangua kwa kisu cha jikoni hadi chuma kikawa cheupe. Lori likaunguruma. Mama akaliacha liungurume muda mrefu mbele ya mtu yule, akichoma mazutu makusudi.

Siku hizi mama hawezi tena kupanda ngazi ya lori. Uwanjani tumejenga vyumba, na harufu ya mazutu imekwisha. Lori lilitembea miaka mingine mingi, mpaka chasisi ikakatika kwenye njia ya Marabo, tukaliacha pale, likaota majani. Majirani waliotuambia "uzeni mapema" hadi leo wanatukumbusha. Sawa, limeoza. Limeoza likiwa letu.