Nilinunua tofi mjini nikasema nimepika mwenyewe kama marehemu mke wangu

Tarehe 9 Agosti, mwaka juzi, nilimpoteza mke wangu Veneranda. Aliugua wiki tatu tu. Tulimzika kihambani kwetu Uru, shamba la nyumbani, chini ya migomba, hatua chache kutoka jikoni kwake.

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia kwenye mpangilio. Ninachoandika kimetokea, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kukipamba.

Kazi yangu ni kufungulia maji kwenye mashamba ya mpunga huku Mabogini. Nimepanga chumba hukuhuku, nyumbani Uru napanda mwisho wa wiki. Mtoto tunaye mmoja, Neema, yuko darasa la sita, shule ya bweni.

Sasa niwaeleze hizo tofi.

Vene kabla sijamuoa alifanya kazi jikoni kwa masista wa Kizungu. Huko ndiko alikojifunza kupika kitu wanachokiita fudge. Sisi nyumbani tuliziita tofi za Vene. Si ile tofi ya dukani inayong'ang'ania kwenye meno. Hii ni maziwa, sukari na siagi, unachemsha taratibu mpaka vinakuwa vizito, unaacha vipoe, halafu unapiga kwa mwiko mpaka mkono unauma. Unamwaga kwenye sinia, ikiganda unakata vipande. Ukiweka mdomoni inayeyuka.

Za Vene zilikuwa za pasheni. Aliupanda mpasheni mwenyewe, ukapanda juu ya mparachichi hadi kileleni. Na alikuwa hachuji. Ile tofi ikiyeyuka zinabaki mbegu, unazitafuna zinalia krap krap. Watoto wa ukoo walikuwa wanashindana za nani zinalia zaidi.

Mnaoijua Desemba ya Uchagani mnajua inakuwaje. Aliyeko Dar, Mwanza, wapi, wote wanapanda nyumbani. Kwetu ilikuwa hivi: tukitoka kanisani, kabla mbuzi hajagawanywa, Vene anafungua bati lake la biskuti. Kipande cha kwanza anapewa mama mzee kuliko wote waliopo. Mama yangu alishafariki, kwa hiyo kwa miaka mingi aliyekuwa anakipokea ni mama mkwe wangu, mama yake Vene, ambaye anakaa ng'ambo ya mto, dakika ishirini kwa miguu.

Krismasi ya kwanza baada ya msiba hakuna aliyeulizia tofi. Ilikuwa ni kulia tu.

Desemba iliyopita, mwanzoni mwa mwezi, dada yangu Filo anayeishi Dar aliandika kwenye group la familia: "Tujiandae kisaikolojia, tofi za wifi ndiyo basi tena."

Sijui nilipatwa na nini. Nikaandika: "Zitakuwepo. Napika mimi."

Filo akajibu: "Wewe? Wewe ambaye chai ya rangi unaunguza?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishaahidi.

Shule ilipofungwa nilikwenda kumpokea Neema stendi. Hata begi hajashusha vizuri ananiambia, "Baba, shangazi alipiga simu shuleni, anasema utapika za mama." Nikamwambia ndiyo. Akaniangalia kama anapima uzito wa gunia. Kisha akasema, "Usisahau mbegu."

Wakuu, hapo ndipo ningemuomba mtu anifundishe, na watu walikuwepo. Mama mkwe alimuona Vene akipika mara ngapi. Majirani akina mama wapo. Lakini mimi ni mwanaume wa Kichaga wa umri wangu, jikoni nilikuwa naingia kuchukua moto wa sigara. Niliona aibu kwenda kusema "nifundisheni kukoroga maziwa". Nikaona nipikie chumbani kwangu Mabogini, peke yangu, nikishindwa asijue mtu.

Nilichuma pasheni zote zilizokuwa zimeiva upande wa chini, nikashuka nazo.

Mara ya kwanza nilimimina pasheni kwenye maziwa yakiwa yanachemka. Maziwa yakakatika hapohapo, mabonge huku na maji huku. Nikamwaga kwenye mfereji.

Mara ya pili nikaacha pasheni hadi mwisho, nikajiona mjanja. Nikatoka kidogo kwenda kufunga lango la maji maana zamu ilikuwa yangu. Kurudi, chumba kizima kinanuka moshi. Lile sufuria mpaka leo lina alama.

Mara ya tatu haikuungua na haikukatika. Ilikataa kuganda tu. Mabogini mnapafahamu joto lake Desemba. Nililala na sinia mezani kama mtu anayelinda maiti, asubuhi bado ni uji. Siku hizi najua kwamba sikuichemsha vya kutosha, joto nimelisingizia tu. Ila wakati ule nilililaumu joto.

Pasheni zikawa zimeisha. Ilikuwa tarehe 23.

Tarehe 24 asubuhi niliingia mjini. Kuna mama mmoja anatengeneza vitu vitamu anawauzia wageni wanaopanda mlima. Nikamkuta nazo, zimekatwa vizuri, rangi ya njano. Nikauliza ni za pasheni? Akasema, "Zina ladha ya pasheni, kaka." Nikauliza pasheni yenyewe imo? Akarudia, "Ladha, kaka." Mama wa watu alikuwa mkweli. Mwongo ni mimi.

Nilinunua, nikakaa kwenye benchi nikazitoa kwenye karatasi zake moja moja, nikazipanga kwenye bati la Vene, na zile karatasi nikazitupa palepale mjini. Kisha nikapanda Uru.

Siku yenyewe ikafika. Tumetoka kanisani, tumesimama kidogo kaburini, tumeomba. Watu wamejaa uani, Filo ananitazama kwa jicho la kejeli. Nikaleta bati.

Nikampa mama mkwe kipande cha kwanza. Ana miaka sabini na kitu, anakula polepole. Akafumba macho. Akasema, "Aika, asante, baba. Ni mkono wa mwanangu huu." Machozi yakamtoka.

Filo akanijia, akanishika bega mbele za watu. "Kaka, nisamehe, nilikucheka."

Nilitamani ardhi inifunike. Lakini nikaendelea kugawa.

Nikamfikia Neema. Akaweka mdomoni, akatafuna, akaacha. Akatafuna tena kidogo, kama anayetafuta kitu.

"Baba, mbegu?"

Nikasema, "Nimechuja."

"Mama alikuwa hachuji."

Kabla sijapata la kusema, mama mkwe akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Amechuja kwa ajili yangu, mjukuu wangu. Si unaona meno yangu yalivyoondoka? Baba yako ana adabu."

Watu wakacheka, wakanisifu upya. Neema akaniangalia mara moja. Kipande kilichobaki alikishika mkononi hadi kikamyeyukia, akaenda bombani kunawa.

Yale macho, wakuu. Nyama ya siku ile sikuisikia ladha.

Siku ya pili yake sikuweza kukaa. Kwa wasio wenyeji, kwetu kuna jani linaitwa isale. Tunalipanda kwenye mipaka ya kihamba na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu kosa zito, unakata isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona anajua umekuja kuomba msamaha, na kwa mila halikataliwi.

Nilikata isale kwenye mpaka, nikavuka mto kwenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anachambua maharage. Shikamoo, marahaba. Aliponiona na jani akaweka ungo chini.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kwa kosa langu. Zile tofi sikuzipika. Nilizinunua mjini."

Nikamweleza yote, hadi habari ya karatasi.

Kisha akasema, "Nilibeba vipande vinne nikawapelekea wenzangu wa jumuiya ya kanisani. Nimewaambia mkono wa Vene haujapotea."

Nilibaki nimenyoosha mkono na jani langu.

Akalipokea. Akasema, "Isale halikataliwi. Nimekusamehe. Ya jumuiya nitajua mwenyewe la kusema." Akachukua ungo wake. Nikadhani yameisha, nikaanza kuaga.

"Unakwenda wapi? Hujamaliza."

"Mama?"

"Mimi nilidanganywa nikiwa sijui. Yule mtoto umemdanganya huku anajua, na akanyamaza ili usiaibike. Mpelekee na yeye."

Nikamuuliza, "Mama, isale linapelekwa kwa mtoto?"

Akasema, "Kwani wewe ulisikia wapi limekatazwa?"

Nimekulia kihambani, nimeona isale likipelekwa kwa wazee, kwa majirani waliopigania mpaka, kwa ndugu waliopigana. Sijawahi kuona mzazi anampelekea mtoto wake. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na nafsi. Nilisema nimnunulie viatu badala yake. Nilisema atasahau, watoto husahau.

Nilipofika mpakani nikakata jingine.

Neema alikuwa anaosha vyombo nje. Nikachuchumaa mbele yake nikamnyooshea. Akafuta mikono kwenye gauni.

"Baba, hili si la watu wakubwa?"

Nikamwambia, "Zile tofi nilinunua. Sikuchuja chochote. Nilikudanganya."

Akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyoona wakubwa wanavyofanya. Akaligeuzageuza. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nilete uzi huu.

"Nilidhani nimeanza kumsahau mama. Nilijiuliza labda za kwake nazo hazikuwa na mbegu."

Wakuu, mimi nilijiona nimefanya uongo mdogo wa sikukuu. Nilijiambia nimeokoa jina la marehemu. Kumbe kuna mtoto alilala usiku wa Krismasi akiona kumbukumbu yake ya mama yake si ya kweli, na aliyemfanya aone hivyo ni mimi, aliyepaswa kuilinda.

Sikulia msibani. Niliambiwa mwanaume anajikaza. Siku ile nililia mbele ya beseni la vyombo.

Nilichojifunza ni hiki, kama kitamsaidia mwenzangu aliyefiwa. Usijaribu kujaza nafasi ya marehemu kwa kitu cha kununua halafu ukakiita cha kwake. Bora useme "nimeshindwa". Kushindwa kwangu kusingemuumiza mtu. Filo angenicheka hadi mwaka mpya, basi. Na kama hujui kitu, hasa cha jikoni, uliza. Aibu ya kuuliza ilikuwa ya dakika moja. Hii niliyonayo sijui itaisha lini.

Mnaotaka kunisema nisemeni tu, nastahili. Ila walio na uzoefu wa kupika hii kitu naomba mnisaidie: mnajuaje imechemka ya kutosha kabla ya kuitoa motoni? Na kuna yeyote humu aliyewahi kumpelekea mtoto wake isale, au ni mimi peke yangu?

Namalizia na ilivyoishia siku ile.

Neema alilichomeka lile isale kwenye ukuta wa jiko la mama yake. Halafu akachukua mti mrefu akaenda kwenye mparachichi, akauchokonoa mpasheni kule juu ambako mimi sikufika. Zikaanguka nne, zimekunjamana kama wazee. Akaniambia nilete maziwa kwa jirani.

Jirani akaniuliza maziwa jioni hii ya nini. Nikamwambia napika tofi, sijui, nisaidie. Akacheka, akasema toa motoni kwanza ndipo uweke tunda. Hiyo tu ndiyo aliyoijua.

Tulikoroga kwa zamu, mimi na Neema. Nilipochoka aliupokea mwiko yeye. Pasheni tukaweka mwisho, na mbegu zote.

Haikuganda. Tulisubiri hadi giza likaingia, bado ni uji.

Neema akaleta vijiko viwili. Tukakaa kwenye kizingiti, sufuria katikati, tukala hivyohivyo. Ilikuwa ni krap krap tu.