Mama Aliyemlinda Punda Akilamba Chumvi

Jumapili tulimzika jirani yangu wa Buhongwa, mama aliyewauzia wajenzi wa mtaa wetu maji kwa mkokoteni wa punda. Alifariki usingizini, mzee, wanawe wakiwa wameshajitegemea, na msibani watu walicheka kuliko walivyolia. Nami nilicheka, maana nilikumbuka tulivyogombana.

Punda wake alikuwa akija kulamba ukuta wa udongo wa jiko langu. Siyo kulamba tu, alikuwa anabandua na kumeza. Mbavu zilimtoka, na mkokoteni ukawa haupandi tena mlima. Nikamfuata mama na hasira zangu: “Mama, mlishe mnyama wako, anakula nyumba yangu.” Akanitazama juu mpaka chini. “Jirani, huyo anakula kunishinda mimi. Kuna kitu anatafuta, sijui nini.” Wakati huo mnunuzi wa punda wa nyama alishambishia hodi, na punda ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima. Mama akakataa kuuza, akamwita daktari wa mifugo.

Daktari akatoa dawa ya minyoo, akasema nyasi za kiangazi hazina chumvi wala madini ya kumtosha, basi anunuliwe jiwe la chumvi yenye madini awe analamba. Mtaa ukacheka. Ng'ombe sawa, lakini punda? Mama akalitundika zizini, na ng'ombe wake wawili wakalivamia; punda akasukumwa pembeni, akatulia zake huko. Basi kila jioni mama akawa anakaa juu ya ndoo, fimbo mkononi, ng'ombe nje, punda ndani, mpaka aridhike. Mimi nilikwenda kumtania, nikaishia kunywa chai yake. Mvua zilipokolea, mkokoteni ulikuwa unapanda mlima tena.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. “Ng'ombe akikosa atapiga kelele, nitasikia,” alisema. “Huyu hasemi.”

Majumbani na maofisini mwetu, tunayemsifu kwa uvumilivu ndiye tunayemwongezea mzigo. Yule hana shida, tunasema, na tunaendelea na yetu. Jana nilimpigia simu dada yangu mkubwa aliyetulea sote, ambaye hajawahi kuniomba kitu, nikamuuliza anahitaji nini. Akasema anahitaji miwani. Kumbe siku nyingi hawezi kusoma Biblia yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.