Mbegu Iliyopandwa Vumbini

Jirani yangu hapa mtaani Makomeno analalamika: mahindi ya mbegu ya kwetu, ninayoyaning'iniza juu ya mbabula, jiko langu la makaa, yananukisha nguo zake moshi. Basi zinuke.

Mikono ya mama ilinuka hivyohivyo siku lori lilipokuja kutuhamisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imekikimbia kijiji chetu. Vyombo vyetu vilikuwa vimeshapakiwa. Mama alikuwa bado shambani, akifukia punje za mbegu hiyo katika vumbi kavu.

"Mama, ingia mu lori! Huku mvua haiko!" dereva aliita.

"Mbegu yangu ilishaingia mu udongo. Nayo utaipakiza?"

Dereva alikasirika, akaondoka na masufuria yetu yote. Jioni mama alisonga bukari, ugali wa kwetu, ndani ya debe tupu la mafuta. Iliiva.