Karatasi Niliyoishika

Chama chetu cha mtaa kilikuwa na komite ya watu saba na cherehani nne, na katika wale saba hakuna hata mmoja aliyejua kutunga uzi kwenye sindano. Nasema mapema, mtu asidhani nimekuja kusifia. Hapa Kolwezi hakukosi mtu wa kusimama kwenye sherehe na kueleza jinsi chama kile kilivyotuinua, watoto, wanawake na wazee, vizazi vitatu chini ya paa moja. Paa lenyewe lilikuwa la kantini ya zamani ya wachimbaji, na lilikuwa linavuja.

Wakati ule kampuni ya migodi ilikuwa inaanguka. Upande wa Mutoshi mashine zilisimama mpaka zikaota majani, mishahara ikawa hadithi, na nyumba ya kampuni ambamo mama zetu walijifunza kushona na kufuma, na watoto alfabeti, ikafungwa kwa kufuli. Ndipo mtaa ukaanzisha chama chake. Hivyo ndivyo inavyosemwa kwenye hotuba. Ukweli ni kwamba kilianzishwa na mwanamke mmoja, mwalimu katika ile nyumba iliyofungwa, aliyekwenda kuomba ufunguo wa kantini, akafukuza popo, akafagia, akaanza kazi. Komite ilikuja baadaye, kama nzi wanavyokuja chakula kikishaiva.

Prezida wa komite alikuwa karani wa stoo. Maisha yake yote aligawa glavu na buti, na alizigawa kana kwamba amezishona mwenyewe. Mfuko wa shati lake haukukosa kalamu tatu za bic. Hotuba alizianza kwa Kifaransa, akikwama anarudi kwenye Kiswahili, nasi tulipiga makofi pale alipokwama kwa kudhani amemaliza.

Yule mwanamke tulimwita mama monitrisi, yaani mwalimu wa kike, na sijui kama komite iliwahi kuuliza jina lake lingine. Asubuhi aliwafundisha watoto wadogo kuimba na kuhesabu, mchana aliwafundisha wanawake kushona, na kila Jumamosi aliwafundisha wazee kuandika. Nyumbani kwetu alitufundisha sote: bibi yangu kalamu, mama yangu mkasi, mimi hesabu zilizonivusha mtihani wa mwisho wa sekondari. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa kambini, nyumba ya nne kutoka bombani, na Kasai hakuwahi hata kuiona. Sisi tunatoka kaskazini mwa Katanga, na bibi alifika Kolwezi akiwa mtu mzima mwenye watoto watano. Lakini aliyeitwa mgeni ni mama monitrisi. Anayeona akili hapo anieleze.

Kwa wazee alikuwa na njia yake. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alisema mzee hana muda wa kuzunguka, mpe kwanza jina lake mwenyewe, aliandike mpaka mkono ulizoee, kusoma kutafuata. Kwa hiyo miezi ya kwanza wale wazee walijua kuandika neno moja tu duniani, na zaidi ya hilo hawakujua kusoma hata moja.

Bibi yangu alipolishika jina lake akawa kero. Maisha yake yote alikuwa amechovya kidole gumba kwenye wino mbele ya makarani wanaomcheka. Sasa aliandika jina lake kwa mkaa chini ya sufuria, kwa msumari kwenye benchi la kanisa, hata kwenye mche wa sabuni, na sabuni ikiisha anaanza upya kwenye mwingine. Ukimpa karatasi yoyote anasaini kwanza, halafu ndipo anauliza ni ya nini. Mtaa mzima ulijua, na prezida naye alijua.

Mwaka ule wakubwa walianza kusema hadharani kwamba taabu zetu zote zililetwa na watu wa Kasai. Mtu aliyecheza karata na jirani yake miaka ishirini akagundua ghafla kwamba jirani ni mdudu. *Bilulu*, ndivyo walivyoitwa barabarani na vijana wenye fimbo, ambao wengi wao walikuwa wameimbishwa alfabeti na mama monitrisi wakiwa na kamasi puani. Watu walifukuzwa kazini, halafu nyumbani, wakajazana kwenye madarasa na kwenye stesheni kungoja treni. Chama chetu hakikutaka kuachwa nyuma kwenye maendeleo hayo.

Jumamosi moja mama monitrisi hakuja. Alikuwa amekwenda kuwapelekea chakula ndugu zake waliolala shuleni. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi na tisa, diploma mpya na kazi hakuna, nilisimama mahali pake. Wazee wa Kasai walikuwa wamekwisha kuacha kuja, wakabaki wetu kumi na wawili. Prezida akaingia na karatasi, akanivuta hadi dirishani, akanipa niisome. Ilikuwa kwa Kiswahili, mwandiko wake wa stoo, herufi zimesimama mstari kama buti: sisi wanachama tunaosaini hapa chini tunakataa kufundishwa na mwanamke wa Kasai, tunaomba aondoke katika chama na katika mji wetu.

"Kiti ya monitrisi itabaki bule, bila mutu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Komite inataka mutoto wa hapa, mwenye kusoma. Unasikia?"

Nilisikia. Niliisoma tena, kana kwamba mara ya pili ingesema kitu kingine.

Kisha akawageukia wazee, akatabasamu. "Batata na bamama, hii ni liste ya wanafunzi. Kila mutu aonyeshe komite kama anajua kuandika jina yake."

Bibi alikuwa wa kwanza kuinuka, na nani angemzuia? Meza ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi, ikitikisika kila mtu akiiegemea, kwa hiyo niliishika karatasi kwa mikono miwili isiteleze. Aliandika ulimi ukiwa nje. Alipomaliza akawaonesha wote kidole gumba chake kisafi. "Angalia, tata prezida! Bila wino!" Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Niliishika karatasi mpaka wa mwisho.

Ningeweza kusema neno moja. Watu huniambia nilikuwa mtoto, nilikuwa naogopa, vijana wa fimbo walikuwa mlangoni. Vijana hawakuwa mlangoni. Mlangoni kulikuwa na jua. Nilikitaka kile kiti, basi, na nilijidharau wakati ule ule nikikitaka.

Jumatatu karatasi ilipigiliwa misumari mlangoni. Mama monitrisi aliisoma akiwa amesimama, polepole, jina baada ya jina, kama anavyosahihisha. Aliingia, akakusanya mkasi wake na sanduku lake la vifungo. Mimi nilikuwa nafunga uzi usio na haja ya kufungwa.

"Nkambo alijua kile kinaandikwa?" aliniuliza. Nkambo ndiye bibi, kwa lugha ya kwetu.

"Hapana, mama."

Swali la pili hakuliuliza. Lilikuwa pale, sote wawili tuliliona, akalipita na kwenda zake.

Wiki ile ile vijana walifika kwake, na familia nzima ikahamia stesheni. Bibi alilia kama aliyefiwa. Hakujua kilichofanyika, alijua tu kwamba mwalimu wake amefukuzwa, na kila siku alipika bukari, ugali wetu, akaifunga kwenye kitambaa na kunilazimisha kumsindikiza. Stesheni watu walikuwa wamelala chini ya mashuka na plastiki, na milango waliyong'oa kwenye nyumba zao, na kuku, na watoto wenye surua. Mama monitrisi alikuwa amekalia kichwa cha cherehani yake kilichofungwa kwenye blanketi. Bibi alimpa bukari, halafu akatoa kwapani kaye yake, daftari la shule, ili mwalimu aone kazi ya juma lile. Jina lake, kurasa nne.

"Ni muzuri, mama," alisema mwalimu. "Mukono haitetemeke tena."

"Banasema kuko bantu balisaini karatasi ya kukufukuza," bibi alisema. "Bale balisaini, Mungu abaone. Batoto yabo basikule."

Mama monitrisi aliifunga kaye, akamrudishia. "Achana nabo, mama." Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "We, umufundishe kusoma. Jina peke haitoshe."

Siku mbili baadaye treni iliwachukua, kwenye mabehewa ya wazi. Hatukusikia habari zake tena.

Nilipewa kiti. Nilipewa na aproni yake, ambayo ilinipwaya. Komite kwa kiburi chake iliitia ile karatasi kwenye fremu ya kioo, ikaitundika ukumbini, na Jumamosi ya kwanza bibi aliinua macho akalitambua neno pekee alilolijua duniani.

"Ile njo jina yangu! Juu ya yote! Ni liste ya nini?"

"Ya bale balimaliza masomo, nkambo." Ulinitoka bila hata kukohoa, uongo ule.

Tangu hapo alileta wageni kuja kuiona. Na kila alipoomba nimfundishe kusoma, nilikuwa na sababu. Mara macho yake yamechoka, mara chaki imekwisha, mara aandike kwanza jina lake kwa herufi kubwa zaidi. Wazee wengine niliwazungusha vivyo hivyo, maana majina yao yalikuwa ukutani pia. Kipindi cha wazee kikawa cha nyimbo na uji. Prezida aliandika kwenye ripoti kwamba wazee wetu wana furaha sana, na wageni waliotuletea cherehani ya tano walimpongeza. Watoto tu ndio niliowafundisha kwa haki. Hao hawakuwa hatari kwangu, ndivyo nilivyodhani.

Baadaye upepo uligeuka. Watu wa Kasai walianza kurudi, na prezida akawa msemaji mkubwa wa undugu. Sasa ana shimo chini ya chumba chake cha kulala huko mtaa wa Kasulo, anawashusha vijana wa Kasai kumchimbia kobalti, na anawaita wanangu. Ni yeye aliyeniagiza niichome ile fremu kabla hajaiona mtu wa maana. Bibi aliposikia inaondolewa alikuja mwenyewe na fimbo yake. Ile ilikuwa diploma yake, alisema, na diploma haichomwi. Ningeweza kumwambia imeliwa na panya. Niliibeba hadi nyumbani na kuitundika juu ya kiti chake, kwa sababu nilimwogopa kuliko Mungu. Wageni waliojua kusoma waliisoma, wakanitazama, wakanywa chai yao.

Binti yangu alipofika miaka minane alikuwa anasoma kila kitu, pakiti za chumvi, chupa za dawa, matangazo ya mazishi. Jumapili moja baada ya misa nilikuwa uani nachambua maharage, nikamsikia bibi ndani akimwambia aishushe fremu amsomee. Nilijua, na bado nilikaa. Mtoto alisoma kama nilivyomfundisha mwenyewe, kwa sauti kubwa, kidole chini ya kila neno, bila kuruka. *Tunakataa kufundishwa. Mwanamke wa Kasai. Aondoke.* Alimaliza na jina la bibi, kwa furaha, kwa sababu alilijua.

Nilipoingia, bibi alikuwa ameiweka fremu mapajani. Hakuwa analia.

"Prezida alitudanganya, nkambo," nilisema.

"We ulikuwa unajua kusoma." Alipitisha kidole juu ya jina lake, kwenye kioo, taratibu. "Ile meza ilikuwa inatikisika. Njo we ulinishikia karatasi."

Fremu hakuirudisha ukutani, wala hakuniambia niitupe. Iko chini ya kitanda chake hadi leo, uso ukiangalia chini. Ila hakuandika tena jina lake. Mwezi uliofuata nilimpeleka dispansari, na muuguzi akamletea fomu na bic. Bibi alikataa bic, akanyoosha kidole gumba ili apakwe wino. Fomu iliteleza juu ya meza, nami bila kufikiri nikaiwekea mkono. Aliuondoa mkono wangu, akaishika mwenyewe.