Mgeni Aliyepewa Mrija

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho aliniletea simu ya mkononi, mpya, ikiwa bado kwenye boksi lake. Wajukuu wakanizunguka kunifundisha pa kubonyeza, kila mmoja na kidole chake, na mimi nikawa sisikii hata neno moja. Nilikuwa nimeinusa. Msinicheke. Kitu kipya kinachosema kina harufu yake, harufu ya plastiki, gundi na kifuko cha ngozi, na harufu hiyo niliijua kabla hata baba yao hajazaliwa. Niliirudisha simu kwenye boksi, nikasema nitajifunza kesho, nikaenda jikoni ili machozi niyasingizie moshi.

Wao hawana subira ya kusikiliza. Niwasimulie ninyi.

Ilikuwa miaka ya sabini, na sisi tulikuwa tukikaa upande wa Kagerankanda. Tulikuwa watu wa kuja. Tulivuka mpaka kutoka Burundi mimi nikiwa sijui hata kutembea vizuri, na Waha wakatupokea kwa kuwa lugha yao na yetu zinasikilizana. Ng'ambo alibaki nyogokuru, mama yake baba. Alikataa kukimbia. Alisema hawezi kuwaachia nyani ndizi zake, na baba akamwacha mlangoni, akatuondoa sisi. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Akila kitu kitamu alikuwa anaacha kidogo kutafuna, na mama alijua anamfikiria nani.

Mwaka mmoja maharage yalikubali kweli kweli. Baba aliyapeleka Kasulu, akarudi na redio.

Ilikuwa nzito, imevaa ngozi ya kahawia yenye matundu mbele, na mkonga wake ulivutwa ukawa mrefu kunizidi. Nilipoisogelea kuinusa, baba alinisukuma taratibu kwa kiwiko. Ilikoroma kwanza, ikapiga mluzi, kisha mtu akaanza kusema Kiswahili ndani yake. Majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuwa na swali lake kuhusu mtu huyo anakula nini.

Baba alikuwa mtu wa mzaha. Kwetu mgeni haulizwi habari akiwa na koo kavu. Anapewa kiti, unaletwa mtungi wa pombe ya mtama, anakabidhiwa mrija, ule tunaouita muheha, anakunywa pamoja na wenyeji katika mtungi mmoja. Akishakunywa, ndipo husema. Na mtu aliyekunywa mtungi mmoja na wewe hana ruhusa ya kukudanganya ndani ya nyumba yako. Basi baba aliiweka redio kwenye kigoda cha wageni, akachomeka mrija mtungini na kuuelekeza kwenye yale matundu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nachungulia mtungini kuona kama pombe inapungua. Ilikuwa inapungua, maana wanaume walikuwa wengi, nami nikaamini kwamba mgeni anakunywa.

Jioni moja baba akizungusha kitufe, akaipita ile sauti ya Kiswahili, akaipita na miluzi, redio ikasema, "Mwiriwe neza." Ilikuwa salamu ya jioni kwa Kirundi, tena Kirundi cha kwetu, chenye ule mvuto wa maneno wa watu wa nyumbani. Baba alivua kofia. "Mwiriwe," aliitikia. Safari hiyo hakucheka mtu.

Kuanzia hapo mzaha ulikwisha, mrija ukabaki. Kila jioni baba alimkaribisha yule mtu wa Kirundi, naye kila jioni alisema nchi imetulia, mvua ni nzuri, waliotoka warudi kwenye mashamba yao. Mwalimu wa shule yetu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi huku, alikuwa anapita kusikiliza taarifa ya habari, na siku moja alimwambia baba kwa upole, akimwita kwa jina langu, "Baba Yudita, huyo anasomeshwa karatasi. Si maneno yake."

"Mwalimu," baba alijibu, "huyu amekunywa kwangu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Nadhani hata yeye alikuwa hajui tena.

Mama hakubishana naye mbele za watu. Lakini jioni moja, akichambua maharage kwenye ungo, alisema bila kuinua macho, "Mgeni akitoka kwetu hutaja majina. Husema fulani kazaa, fulani amekufa, ng'ombe wa fulani kapotea. Huyu wako, Baba Yudita, hajawahi kumtaja mtu hata mmoja. Mimi nauliza habari za mama yako, yeye ananijibu mvua."

Baba akasema, "Mkataa kwao mtumwa," na nikajua amekwisha kuamua.

Alisema atakwenda kumwona mama yake na kurudi kabla ya kuvuna. Na atakwenda na mimi, ili nyogokuru auone uso wa mjukuu wake kabla hajafumba macho. Jamani, furaha yangu! Niliwaringia watoto wenzangu hadi wakanichukia. Nilioga kabla ya kuambiwa.

Asubuhi ya safari baba alikuwa tayari, fimbo mkononi, mimi nimeshika kijifurushi changu. Mama alitoka ndani na kitenge. Aliinama, akanivuta, akanitupia mgongoni kwake na kunifunga, akakaza fundo, kisha akakaza na la pili. Mimi! Mtoto niliyekwisha kuota meno ya pili, ninayechunga mbuzi, naning'inia mgongoni miguu ikimgonga magotini! Majirani walicheka. Baba pia alicheka, kisha akaona uso wa mama, akaacha.

"Mfungue mtoto, twende."

"Nenda," mama alisema. "Huyu yuko mahali pake."

Nilipiga mayowe. Nilimpiga mabegani, nikamng'ata shingoni mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Hakunitua. Baba alinishika kichwa na kusema, "Basi, mwana wanje, mwanangu, nitarudi kukuchukua." Akashika njia ya Buhigwe, iendayo mpakani. Mama alisimama pale pale uani akinibembeleza kama kitoto kichanga, hata baada ya baba kuzama nyuma ya kilima.

Tulivuna maharage. Tukapanda mengine, tukavuna. Baba hakurudi, na hakutokea mtu wa kutuambia alifika wapi. Kwa kuwa hakuna aliyeleta habari, hatukukaa matanga, na hadi leo hatujayakaa. Sauti ya Kirundi iliendelea kutusalimia mpaka betri zikafa, na mama hakununua nyingine.

Moyo wangu ulivunjika, na ulivunjikia kwa mama. Niliamini kwamba ningekuwa naye njiani, baba angerudi, kwa sababu ingembidi anirudishe. Nilikua nikimwitikia mama kwa neno moja moja. Hakuwahi kunikaripia kwa hilo.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali ya Kabanga, na mama alikuja kunisaidia. Siku ya kutoka alimweka mtoto mgongoni kwangu, akanionyesha fundo linavyokazwa lisiteleze. Mikono yake ilipozunguka kifuani pangu nikaelewa, nikiwa mtu mzima, kitu ambacho mtoto mwenye hasira hakukiona. Mama hakumwamini yule mgeni hata siku moja. Lakini neno lake lilikuwa neno la mke, na la mgeni lilikuwa limekwisha kunywa pombe. Hakubakiwa na kitu cha kushindana nalo isipokuwa mgongo.

Nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini alinifunga siku ile.

Alijaribu fundo kwa kidole, akaona limeshika.

"Baba yako alikuwa mzito," alisema. "Wewe niliweza kukubeba."