Aliyeshika Kamba Haitikii Salamu

Mwezi uliopita mwanangu alinikokota mpaka Sib kwenye maonyesho ya mashine za kale. Nasema alinikokota kwa sababu mimi na mashine za kale hatuivi chungu kimoja, naye hajui kwa nini. Palikuwa na magari ya zamani yaliyong'arishwa kuliko bibi harusi, pampu za mashambani, redio, cherehani, na mwisho wa uwanja, nyuma ya uzio, injini ya mvuke. Kijana mmoja wa dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, nyeupe pe, alikuwa akiwaeleza watu kwa spika jinsi maji yanavyochemka yakasukuma chuma. Kisha akavuta mnyororo, injini ikapiga filimbi, na watoto wakapiga makofi. Nikamwambia mwanangu nakwenda kukaa garini, jua limenizidi. Jua lenyewe lilikuwa limeshaanza kuzama.

Ilikuwa ile harufu. Mafuta ya moto, moshi wa kuni, na mvuke unaonuka kama nguo iliyopigwa pasi ikiwa mbichi. Nilikaa garini vioo nimevifunga na bado ilikuwa puani.

Wewe uliyekulia Maskati wakati mmoja na mimi utanielewa. Hail yetu ya siku hizo haikuwa hii ya majumba ya marumaru na mikahawa. Ilikuwa mashamba, visima na vumbi. Shamba letu lilikuwa karibu na pwani, mitende mistari mistari, ndimu chache, na kiraka cha majani ya ng'ombe ambacho sisi wajukuu tulikikata kila alfajiri kabla ya chai. Bibi alitukagua mikono mmoja mmoja, na mwenye udongo kwenye kucha alirudishwa kisimani. Nyumbani tulisema Kiswahili, skuli tulisema Kiarabu, na ng'ombe tuliwasemesha kwa lugha yoyote iliyotujia mdomoni.

Babu alikuwa mtu wa boila. Huko Unguja kazi yake ilikuwa kuchochea moto kwenye kinu cha mafuta ya nazi, na alipohamia Omani na familia yake, mkono wake haukutulia. Siku moja aliikuta injini ndogo ya mvuke, yenye magurudumu ya chuma, imetupwa nyuma ya karakana huko Ruwi, imeota kutu mpaka rangi yake haijulikani. Mwenye karakana alifurahi kuondolewa takataka. Babu akaileta Hail juu ya lori, na Bibi alipoiona aliuliza kama huyu mke mwenziwe naye atalala ndani. Babu aliishughulikia kila Ijumaa baada ya sala, akiisugua, akiifungua, akiisema kama mtoto mkaidi, mpaka ikakubali.

Tangu hapo sikukuu tatu, siku ya tatu ya Idi, ikawa siku ya injini. Jamaa walikuja kutoka Sib, Matrah na Ruwi, wake kwa waume, na watoto wa nguo mpya. Shuwa, nyama iliyookwa chini ya ardhi, ilikuwa imeshafukuliwa shimoni, na shamba zima lilinuka nyama na viungo. Babu alikuwa amewasha moto tangu alfajiri, na ikifika saa nne boila lilikuwa likinong'ona. Akifungua mvuke, gurudumu kubwa lilijivuta kwa uvivu, kisha likashika kasi, na mkanda ukazungusha kinu cha miwa. Maji ya miwa yaliteremka kwenye ndoo yenye barafu na ndimu, nasi tukapanga foleni na vikombe vyetu. Sijapata tena kunywa kitu kitamu kama kile. Babu mwenyewe hakunywa. Alisimama pembeni na kitambaa cha mafuta begani, anasikiliza, na uso wake siku hiyo tu ulikuwa wa mtu aliyepumzika.

Lakini kabla ya injini palikuwa na mti. Kisima chetu kilikuwa kimeanza kutoa maji ya chumvi, kwa kuwa kila shamba lilikuwa na pampu, na kila pampu ilivuta mchana kutwa, na bahari ikawa inaingia chini kwa chini. Mitende ya upande wa pwani ikaanza kufa mmoja mmoja. Mtende uliokufa ukiuacha utaanguka siku utakayo wenyewe, kwa hiyo Babu aliuangusha siku atakayo yeye, na hiyo ilikuwa sikukuu tatu, wanaume wa kusaidia wakiwepo. Magogo yake yalikaushwa, mwaka uliofuata yakachanganywa na mgunga kulisha boila. Ukiwa haujafa mpaka ndani, Babu alitupasulia kilele tukala kiini, cheupe, kitamu kama nazi changa.

Kwa kukata mti Babu alikuwa mwangalifu kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Kwanza alitazama juu, kwa muda mrefu, kwa sababu kuti kavu likidondoka kutoka kule halikuambii. Halafu alisafisha njia yake ya kukimbilia, akaondoa mawe na makuti, akaipita kwenda na kurudi. "Kwanza tafuta pa kukimbilia, ndio ushike shoka," alikuwa akisema. Dishdasha aliichomeka kiunoni. Kila mtu aliitwa kwa jina akaonyeshwa pa kusimama, na aliyesogea alifukuzwa, awe mgeni awe nani. Aliwahi kumrudisha shemeji yake nyumbani mbele za watu, akamwambia usoni kwamba masikio yake ni pambo tu.

Na ilikuwapo sheria moja iliyowaudhi wengi kuliko zote. Kamba ilifungwa juu karibu na kilele, na wanaume wawili waliivuta kuelekea upande uliokuwa wazi, huku Babu yupo chini kwenye shina na msumeno. Wale wawili, alisema, wamo kwenye sala. Hawasemeshwi, hawageuki, hawatoi mkono. Aliyeshika kamba haitikii salamu.

Sasa watu wetu unawajua. Mtu anaweza kukusamehe ukimvunjia dirisha, lakini usipoitikia salamu yake atalibeba jambo hilo mpaka kaburini. Mwaka mmoja jirani wa shamba la pili alikuja akamsalimu ami yangu akiwa kwenye kamba. Ami alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba wa Babu, kijana mkimya mwenye nguvu. Hakuitikia, macho yake yalikuwa kileleni. Jirani alinuna miezi, mpaka Bibi alipompelekea halua na maneno matamu. Alirudi, na tangu hapo yeye mwenyewe akawa anasaidia kamba, lakini neno lilikuwa limeshatoka: watoto wa nyumba ile hawana adabu.

Neno hilo lilifika Ruwi. Na Ruwi ndiko alikokuwa binti aliyetakwa na Ami, mtoto wa mzee mwenye duka la nguo. Posa ilikuwa imepelekwa, na yule mzee hakukubali wala hakukataa. Ami alidhoofu kwa kungoja, sote tuliliona hilo, sahani yake ilirudi jikoni nusu. Hatimaye mzee akatuma salamu kwamba sikukuu tatu atakuja Hail kutazama injini. Hata sisi watoto tulijua anakuja kutazama nini.

Asubuhi ile Bibi alimfunga Ami kilemba kwa mkono wake.

"Mwanangu, nnakuomba, leo mzee yule asikukute umemgeuzia mgongo. Nyumba ile hutazama adabu kabla ya kitu chochote."

"Na kamba, mama?"

"Kamba atashika kakaako."

Kakaake ndiye baba yangu, na baba alikuwa amekwenda Sib kutafuta barafu, akachelewa. Mzee wa Ruwi alitarajiwa baada ya adhuhuri. Mtende wa siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko wote tuliowahi kuukata, na ulikuwa umeinama kidogo upande wa kibanda cha injini. Babu hakutaka moto upite wakati wake. Ami akasema atashika yeye, wamalize kabla mgeni hajafika. Angefanya nini, amwache babaake na mtu mmoja wa kamba?

Mgeni alifika mapema. Mimi nilikuwa nimewekwa kisimani pamoja na watoto wengine, na kutoka pale niliona kila kitu. Msumeno wa Babu ulikuwa umeshaingia ndani, unga wa mti unamwagika miguuni pake. Ami na jirani walikuwa wameegemea nyuma, kamba imekaza. Yule mzee akateremka garini na wanawe wawili, bakora mkononi, harufu ya udi imemtangulia. Akaja moja kwa moja, polepole, kama mtu aliyezoea kupishwa njia. Hakuna aliyemzuia. Utampigia vipi kelele mtu mzima, siku ya sikukuu, nyumbani kwako, na amekuja kukupima adabu? Hata Bibi aliyekuwa barazani alifunika mdomo wake tu.

"Assalaam alaykum, mwanangu. Idi mubarak."

Akanyoosha mkono.

Ami alitazama kilele. Akautazama mkono. Akamtazama babaake, ambaye alikuwa ameinama na haoni. Nilimuona anatazama hivyo vitu vitatu na nilijua atafanya nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimefundishwa. Akaiachia kamba. Aliiachia mikono yote miwili, maana mkono wa mtu mzima hupokewa kwa mikono miwili, akainama akaubusu.

"Waalaykumu ssalaam, mzee wangu."

Jirani alipiga ukelele. Kamba ilimpita viganjani ikamchuna ngozi. Mtende ukasita, kisha ukarudi nyuma, ukaja upande wa kibanda. Babu alifanya kama alivyotufundisha: alitupa msumeno, hakugeuka kutazama, akakimbilia njia aliyoisafisha. Njia ile ilikuwa imesafishwa kwa mti unaoanguka upande wa pili. Kilele kilimpata hatua chache kabla ya kibanda.

Walipomwondolea shina alikuwa bado ana roho. Ami alikipakata kichwa chake, kilemba kimefunguka, kimekuwa chekundu. Babu alifungua macho, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Nani kaachia kamba?"

Yule mzee wa Ruwi alikuwa amepiga magoti anamsomea shahada. Jirani alitazama viganja vyake. Babu aliuliza tena, kwa midomo tu, na hakufika hospitali. Nyuma yetu boila liliendelea kufoka mvuke, hakuna aliyekumbuka kulifunga, mpaka moto ulipokufa wenyewe jioni. Kiini cha mtende ule kililiwa na mbuzi.

Msibani watu walisema kadari, na kweli ni kadari. Jirani, mikono imefungwa bendeji, aliwaambia wageni kwamba kamba iliteleza. Kwa siku tatu za matanga nilisikia hivyo kwa kila aliyeingia: kamba iliteleza. Hata Bibi alisema hivyo, naye alikuwa ameona kwa macho yake. Alikuwa pia akimpikia Ami chakula alichokipenda, akimsimamia mpaka amalize, na hawatazamani.

Bibi alipotoka eda, jibu la posa lilikuja kutoka Ruwi. Mzee amekubali. Adabu ya kijana, alisema, ameishuhudia mwenyewe, hana la kuuliza zaidi. Ami alipoambiwa alitoka nje, akakaa kwenye kisiki cha mtende ule mpaka giza likaingia, na kesho yake akasema anashukuru. Angekataa vipi? Harusi ilikuwa ya kimya, bila ngoma. Mke aliyepata alikuwa mke mwema, nisimsingizie. Na kila sikukuu, miaka yote, baba mkwe alimnyooshea Ami mkono, na Ami aliupokea kwa mikono miwili akaubusu. Nilikuwa nikigeuza uso.

Injini ilichukuliwa na mtu wa vyuma chakavu. Huenda ndiyo ile niliyoiona Sib, huenda siyo, sikuisogelea kutazama. Shamba liligawiwa viwanja, kisima kikafukiwa, na juu yake leo pana gereji ya watu. Mtende ukifa Hail siku hizi huja gari la kreni na wafanyakazi wa kofia za plastiki, wakaukata vipande vipande kuanzia juu, wakaondoka navyo kabla ya mchana. Hakuna anayekusanyika kutazama. Wanangu hawajui kiini cha mtende kina ladha gani, na mimi sina hamu ya kuwaonjesha.

Siku ile tuliporudi kutoka maonyesho nilimwambia mwanangu anishushe kwa Ami. Anaishi peke yake sasa, mkewe amefariki, na baba mkwe alizikwa mwaka jana. Tulikaa sebuleni, akanimiminia kahawa.

"Nasikia mlikwenda kwenye mashine."

"Tulikwenda."

"Na ya mvuke ilikuwepo? Inakwenda?"

"Inakwenda, Ami."

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia, wazee husinzia hivyo.

"Wewe ulikuwepo pale kisimani," akasema. "Ukiona vizuri. Yule mzee keshakufa, mama keshakufa, hapana wa kumuonea haya. Nambie kweli, mwanangu. Nilikosa?"

Jibu nilikuwa nalo tangu utoto wangu. Nilikuwa nalo ulimini, na niliona anavyolingoja, mtu mzima yule, ameinama mbele kwenye kiti chake. Lakini yeye ni ami yangu, ni mkubwa wangu, na nimekaa kwake nakunywa kahawa yake.

"Hapana, Ami," nikamwambia. "Kamba iliteleza."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akachukua kikombe changu akakijaza tena.

"Na wewe pia wasema hivyo hivyo," akasema.

Katika nyumba yetu alikuwapo mtu mmoja tu wa kumwambia mtu kosa lake usoni, na huyo ndiye tuliyemzika.